Mimi na Laki Tano za Watu

Najua mmeshasikia, eti nimepiga mtu kwenye taksi (matatu za Uganda ndizo taksi). Shoga yangu alikuwa kiti cha nyuma, na kabla hatujafika Kampala kundi zima la WhatsApp lina habari, tena na chumvi juu. Sikumpiga mtu. Tuelewane hapo kwanza.

Tumetoka Busia, taksi imeshiba, nimebanwa na kaka mmoja ambaye mwanga wa simu ameuwasha wote. Macho ningeyapeleka wapi? Kufika Iganga nilishajua "Malkia" anaomba laki tano afungue saluni. Kufika darajani Jinja nikajua saluni ilishafunguliwa zamani, kwa pesa za huyuhuyu. Kaka anaandika, anafuta, anaandika tena. Roho inaniuma mimi.

Ndani ya msitu wa Mabira simu yangu ikalia. Mtu anadai deni lake. (Mnamjua. Tuendelee.) Nikaikumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa, nikamgeukia kaka wa watu: "We kaka, huna adabu? Simu ya mtu ni siri yake! Mmezoea kuchungulia!"

Taksi kimya. Konda akageuka. Mama wa kiti cha mbele mwenye kuku kwenye kikapu akageuka. Nadhani hata kuku aligeuka. Kaka akanitazama taratibu, hasira hana, akasema: "Dada, mimi nilikuwa natazama miti."

Mwenye akili angenyamaza. Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Miti gani! Na hizo laki tano usimtumie huyo Malkia, saluni anayo!"

Jamani. Nililisikia lile neno "saluni" likitoka, nikalifuata kwa mkono mdomoni, limeshafika kwa dereva. Yule mama akauliza kwa huruma kabisa, "Kumbe anayo?" Nyuma sauti ya mwanamume ikadakia, "Iko wapi?" Kaka akaifunika simu yake kwa kofia. Polepole. Huku ananitazama.

Namawojjolo nikapiga kelele, "Konda, maaso awo!" yaani nishushe hapo mbele, nikashuka kwa wauza kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, eti ndiko nilikokuwa naenda. Shoga hakushuka. Kazi yake kunitumia sauti ndefu, kwa vile alisoma saikolojia Makerere: ati Freud aliandika tangu 1895 kwamba mtu huitoa lawama yake nje, akaiona kwa wenzake. Nikamjibu Freud hajawahi kupanda taksi ya Busia.

Na mnaouliza inboksi kama kaka alituma zile pesa: hakutuma. Niliona wakati nashuka.