Mwalimu mahiri anapokataa ukuu wa shule

Barua ilimkuta mwenzangu ubaoni, kipindi cha nne, akiwachorea kidato cha tatu duara na tanjiti zake. Alitakiwa kwenda kukaimu nafasi ya mkuu wa shule kwenye kata ya jirani. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akamaliza kipindi. Jioni akaniambia, "Naandika kuomba wanisamehe."

Ofisi ya walimu ikawaka moto. Wapo waliosema anachezea bahati. Wapo waliosema ni mwoga. Mzee mmoja aliyekuwa akikaribia kustaafu hakupandisha sauti, alimwambia tu, "Kijana wangu, ukikataa wewe atapewa anayeitafuta." Mimi nilikuwa upande wa mwenzangu na hadi leo nipo, lakini neno la yule mzee sijaweza kulipuuza.

Watu wa nje huchanganya mambo mawili hapa. Kwa walimu wa Tanzania, kupanda daraja ni kitu kimoja na kupewa madaraka ni kingine. Mwalimu anaweza kupanda ngazi za TGTS, yaani viwango vya mshahara vya walimu serikalini, kadiri miaka inavyokwenda bila kushika ofisi yoyote. Kwenye karatasi, basi, anayebaki na chaki hapotezi kitu. Lakini tuliokuwa kazini mwaka 2016 tunakumbuka madaraja yaliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na jinsi wengine walivyosubiri hadi yakaja yale ya mserereko, ya kuwafidia waliocheleweshwa. Daraja likikwama, posho ya madaraka ya shilingi 250,000 kwa mwezi anayolipwa mkuu wa sekondari si pesa ndogo. Aliyeukubali ukuu kwa sababu ya ada za watoto wake siwezi kumlaumu.

Ninachopinga ni kuufanya ukuu wa shule zawadi ya kufundisha vizuri. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Mwaka 2021 serikali ilipotoa fedha za kujenga madarasa 15,000 kwa mpango wa UVIKO-19, nyingi zilishuka hadi shuleni kwa utaratibu wa force akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kusimamia mafundi. Nilimwona mkuu wetu wa wakati huo, mwalimu wa Fizikia aliyeheshimika wilaya nzima, amesimama nyuma ya lori saa kumi na mbili asubuhi akihesabu mifuko ya saruji mmoja mmoja, daftari kwapani, maana mfuko ukipungua anajibu yeye. Kutoka hapo anakimbilia kujaza malipo kwenye mfumo, halafu kikao cha bodi, halafu mzazi mwenye hasira. Vipindi vyake vya kidato cha nne vilikuwa vinne kwa wiki. Muhula ule sidhani kama alivifundisha vyote hata wiki moja. Hakuwa mvivu, siku ndiyo iliyomwishia.

Sasa weka mwalimu wa Hisabati, kama mwenzangu, mahali pake. Kwenye matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, waliofaulu Hisabati hawakufika hata robo ya waliofanya mtihani. Kumtoa darasani mtu anayelimudu somo hilo ni kuchukua mbegu ukaipika.

Jambo hili si letu peke yetu. Laurence J. Peter, ambaye naye alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Kanada, alieleza mwaka 1969 kwamba mtu hupandishwa kwa kazi anayoiweza mpaka afike kwenye asiyoiweza, kisha hubaki hapo. Mwaka 2019 wachumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti wao kuhusu wauzaji wa kampuni za Marekani: muuzaji hodari alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufanywa bosi, lakini mauzo makubwa aliyokuwa nayo hayakuwa dalili ya ubosi mzuri. Yalielekeza kinyume, kwenye timu zilizofanya vibaya zaidi.

Hata hivyo, hoja ya yule mzee inabaki. Wale wa zamani walitoa ahadi ya wanachama wa TANU kwamba cheo ni dhamana, na dhamana haichagui siku ya kukupendeza. Wenye uwezo wote wakijificha nyuma ya chaki, viti vitakaliwa na wanaovisaka, na tumewahi kufanya kazi chini yao: fimbo kwa walimu, asali kwa wakaguzi. Tena si kila anayekataa amejipima. Wengine wanaogopa lawama tu, na kumwogopa mkurugenzi wa halmashauri si hoja ya kitaaluma.

Ila mzee alidhani mwalimu mahiri na mkuu mzuri ni mtu mmoja. Mkuu bora niliyepata kumtumikia alikuwa mama mmoja wa Jiografia, mwalimu wa kawaida kabisa darasani, naye alilisema hilo mwenyewe. Kabla ya kengele ya asubuhi alikuwa ameshapita madarasa yote. Alijua mwalimu gani ana mgonjwa nyumbani, akampangia vipindi vya mchana bila kuombwa. Watu wa namna yake wapo katika kila shule, ila hawaonekani kwa sababu tunawatafuta kwenye jedwali la ufaulu.

Na kuna neno linalotutesa: kuvuliwa. Mkuu akirudi darasani, hata kwa hiari yake, mtaani watasema amevuliwa madaraka, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Mwenzangu aliniambia hicho ndicho kilichomtisha kuliko saruji na vikao. Angeambiwa jaribu miaka miwili, ukiona siyo yako rudi kwenye Hisabati zako na heshima yako, huenda angekwenda. Barua haikuwa na mstari huo. Haikuwa hata na swali, kama anataka.

Alisamehewa, na shule ile ikapata mkuu mwingine, kijana mtaratibu wa Kiswahili. Alipofika alikuta kidato cha nne hawana mwalimu wa Hisabati, akampigia simu mwenzangu. Sasa kila Jumamosi mwenzangu hupanda bodaboda kwenda kuwafundisha, nauli akitoa mfukoni mwake.