Bure ruksa, kwa malipo marufuku: kesi ya Georgia na mikono inayomsaidia mama kunyonyesha

Tarehe 31 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo la Georgia, Marekani, ilifuta sheria ambayo wengi wetu hatukujua hata kama ipo. Ilipitishwa mwaka 2016, na ilitaka mtu yeyote anayelipwa kumsaidia mama kunyonyesha awe na leseni ya jimbo. Leseni yenyewe angeipata tu mwenye cheti kimoja cha kimataifa, kinachojulikana kwa herufi zake: IBCLC. Aliyekwenda mahakamani ni Mary Jackson, mwanamke Mweusi aliyefanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 30, na aliyekuwa akiwahudumia wazazi katika hospitali ya Grady mjini Atlanta. Mshtaki mwenzake alikuwa ROSE, shirika alilolianzisha na wenzake mwaka 2011 ili kuwafikia akina mama Weusi. Jackson ana cheti kingine, CLC. Kwa sheria ile, uzoefu wake wote usingemsaidia kitu.

Majaji wote walikubaliana kwamba Katiba ya Georgia inalinda haki ya mtu kufanya kazi halali, na kwamba serikali haikuonyesha sababu ya kutosha ya kuinyang'anya. Walioshangilia waliusoma uamuzi huo kama ushindi dhidi ya urasimu wa leseni. Walioununia waliona afya ya watoto wachanga imewekwa rehani. Katika mabishano hayo, wanawake wenyewe waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba na mto wa kunyonyeshea kwapani walitajwa kama mfano tu, na hoja yao haikusikika vizuri.

Upande wa leseni nao si wa kubezwa. Anayetafuta IBCLC husoma masomo 14 ya sayansi ya afya, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa saa kuanzia 300 hadi 1000 kutegemea njia aliyopitia, kisha hukaa mtihani. Mwenye CLC amesoma saa zipatazo 50 na kufanya mtihani wake. Tofauti hiyo si ya karatasi tu. Mtoto wa siku nne anayelala mno huweza kusifiwa kwa upole wakati kumbe maji yanamwishia mwilini, na nepi kavu ni mojawapo ya dalili. Ziwa lililovimba huweza kukandwa na kukandwa huku jipu linaiva ndani. Anayeyajua haya atampeleka mama hospitali mapema. Asiyeyajua atamwambia avumilie.

Hoja yao ya pili naiona nzito zaidi. Sheria ya bima ya afya ya mwaka 2010 inayataka makampuni ya bima yagharimie msaada wa kunyonyesha, lakini bima hupenda kumlipa mtu inayeweza kumtambua kwa leseni. Waliopigania sheria ya Georgia walisema leseni ndiyo ingeifanya kazi hii iheshimiwe na ilipwe. Ukizingatia kwamba kazi nyingi za wanawake zimeachwa zifanywe kwa shukrani, hoja hiyo inagusa.

Lakini isome sheria ile mpaka kwenye misamaha yake. Madaktari na manesi walisamehewa. Wafanyakazi wa serikali wakiwa kazini walisamehewa. Na aliyetoa msaada bila kutoza chochote, naye alisamehewa.

Hapo ndipo nilipokwama. Kama mkono usio na IBCLC ni hatari kwa mtoto, hatari hiyo inaingiaje pale noti ya dola 20 inapotolewa mfukoni na kutoweka inaporudishwa? Mfikirie mama mshauri wa WIC, mpango wa serikali kuu wa lishe ya akina mama na watoto. Tangu mwaka 2004 mpango huo umekuwa ukitenga fedha za kuwaajiri akina mama wa kawaida, walionyonyesha wenyewe na wanaotoka katika mazingira yale yale ya wanaowahudumia, ili wawashauri wenzao. Jumatatu akiwa kwenye meza ya WIC, ushauri wake ni salama. Jumamosi akimwendea jirani bure, bado ni salama. Jirani akimpa hela, amevunja sheria. Maneno ni yale yale, na mtoto anapakatwa vile vile. Na kumbuka, mwaka 2013 baraza la Georgia lenyewe linalopitia mapendekezo ya kuwekea kazi leseni lilikuwa limeshalikataa wazo hili baada ya kukosa ushahidi wa madhara. Bunge likapitisha.

Basi sheria kama hiyo inamchuja nani? Inamchuja anayehitaji kulipwa. Mwenye mume wa mshahara mnono anaweza kujitolea mchana kutwa, na anaweza pia kumudu mamia ya saa za mazoezi akitafuta cheti. Mwanamke wa kusini mwa Atlanta anayebadilisha mabasi mawili hawezi lolote kati ya hayo. Na huyo ndiye ambaye mama anayemwogopa mshauri mwenye shahada angemfungulia mlango.

Tazama sasa takwimu ambazo huwekwa mbele kila mada hii inapozuka. Kwa watoto waliozaliwa Marekani mwaka 2019, asilimia 84.1 walianza kunyonya. Kwa watoto wa mama wenye asili ya Asia ni 90.3, wa Walatino 87.4, na wa mama Weusi 73.6, ya chini kuliko zote. Wasomaji wengi wakifika hapo huwa wameshapata jibu: utamaduni, elimu, uvivu wa kusoma vipeperushi.

Mimi narudi kila mara kwenye takwimu nyingine, ambazo Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilizitoa mwaka 2014 baada ya kuzichunguza hospitali zenyewe na kuwaacha akina mama kando. Kililinganisha maeneo yenye wakazi Weusi zaidi ya wastani wa taifa, yaani asilimia 12.2, na maeneo mengine. Kumweka mtoto kwenye ziwa mapema baada ya kuzaliwa: asilimia 46.0 ya hospitali za maeneo yenye Weusi wengi, dhidi ya 59.9 kwingineko. Kumwacha mtoto alale chumba kimoja na mama yake: 27.7 dhidi ya 39.4. Kujizuia kuwapa maziwa ya kopo watoto wanaonyonya: 13.1 dhidi ya 25.8, karibu nusu.

Hiyo ya mwisho ina maana gani wodini? Usiku wa kwanza mama ana dang'a tu, matone mazito ya manjano, na mtoto analia. Tumbo la mtoto ni dogo na dang'a inamtosha, lakini mama hajui, na aliye zamu ana vitanda kumi. Chupa inakuja. Mtoto anashiba na kulala, mama anapumua, na ziwa lisilonyonywa linapokea habari kwamba halihitajiki sana. Siku ya tatu anaruhusiwa na kopo mkononi. Miezi sita baadaye anahesabiwa kwenye jedwali kama mama Mweusi aliyeacha kunyonyesha. Hakuna mahali pa kuandika kwamba wanawake wa mtaa wake walizalia hospitali isiyokuwa na muda nao.

Juu ya hayo kuna historia. Chini ya utumwa mwanamke Mweusi alilazimishwa kumnyonyesha mtoto wa bwana huku wake akisubiri. Mwaka 1946, mjini Reidsville, North Carolina, Annie Mae Fultz, mke wa mkulima maskini, asiyesikia wala kusema, alijifungua mapacha wanne. Daktari Mzungu aliyewazalisha akawapa majina yeye, wote wanne Mary, kwa kufuata wanawake wa ukoo wake mwenyewe, kisha akaingia mkataba na kampuni ya maziwa ya Pet, na wasichana hao wakawa sura ya matangazo ya maziwa ya kopo kwa familia Weusi. Anayejiuliza kwa nini mwanamke Mweusi anataka kuambiwa habari za ziwa lake na mtu wa kwao aanzie hapo.

Nimewahi kufanya kazi ya ukalimani katika mji mmoja wa kusini mwa Marekani, aina ya mji kama Clarkston nje ya Atlanta, ambako Wakongomani wanaosema Kiswahili wamepewa makazi kwa miaka sasa. Mama mmoja wa Kivu (nabadilisha mambo madogo asitambulike) alikuwa kitandani, maziwa hayajashuka. Nesi alieleza vizuri tu: dakika 15 ziwa hili, 15 lile, andika kwenye fomu. Nikatafsiri. Mama akanyamaza, kisha akanigeukia mimi: "Dada, wewe ulinyonyesha?" Kanuni ya kazi yetu ni kwamba kila kinachosemwa lazima kitafsiriwe, basi nikamwambia nesi, "Anamuuliza mkalimani kama aliwahi kunyonyesha." Nesi akanitazama, akatabasamu kidogo, akasema tuendelee na fomu.

Wapo wanaouliza kama ziwa lenyewe linastahili kelele zote hizi. Wana hoja. Mwaka 2014 watafiti Cynthia Colen na David Ramey walilinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja alinyonya na mwingine alilelewa kwa chupa, na tofauti nyingi za miaka ya baadaye zikayeyuka. Mama asiyetaka kunyonyesha aachwe kwa amani. Ninayemzungumzia hapa ni anayetaka, ameanza, na anashindwa siku ya tano kwa kukosa mtu wa kumwonyesha jinsi ya kumgeuza mtoto tumbo kwa tumbo.

Ninachowaonya upande wangu ni kitu kingine. Neno "jamii" limeanza kutumika kama pipa la kutupia kila ambacho serikali haitaki kulipia. Sheria ya likizo ya mwaka 1993 inampa mzazi wiki 12 bila mshahara, na humwacha nje anayefanya kazi kwa mwajiri mwenye watu chini ya 50. Sheria ya Desemba 2022 inamtaka mwajiri atoe muda wa kukamua maziwa na mahali pasipo chooni, ila dakika hizo kwa kawaida hazilipwi. Hakuna jirani, hata awe hodari vipi, anayeweza kumrudishia mama wiki zile. Na uamuzi wa 2023 uliondoa kizuizi cha kulipwa, mlipaji haukumtaja.

Wiki mbili baadaye yule mama wa Kivu alikuja kliniki, na nikapangiwa yeye tena. Mtoto alikuwa ananyonya na uzito umepanda. Mama mmoja wa kanisani kwao, alisema, alikuja siku tatu mfululizo, akamkanda kwa taulo la moto, akamshika mtoto yeye mwenyewe mpaka akakamata ziwa vizuri. Nikamuuliza alimpa nini. Hela ya mafuta ya gari, akasema, na sahani ya sombe, yaani kisamvu; yule mama anafanya kazi kiwanda cha kuku, zamu ya alfajiri, na siku ya tatu alikuja bila kulala.