Mnyapara wa kukodi kwenye klaudi: alipwe kwa saa au kwa mzigo?

Toka tuhamishe paipulaini zetu za data, yaani msururu wa kazi za kuvuta data, kuijumlisha na kutoa ripoti, kutoka seva ya ofisini kwenda klaudi, swali naloulizwa na kila mtu ni moja: tukodi huduma gani ya kuzisimamia, Airflow ya AWS (klaudi ya Amazon), Composer ya Google au Data Factory ya Microsoft? Na mimi naona watu wanakimbilia jina kabla hawajahesabu mzigo.

Tuelewane kwanza. Huyu tunayemtafuta ni mnyapara, habebi gunia. Kazi yake ni kusema nani atangulie, nani asubiri, aliyedondoka arudie mara ngapi na ikishindikana kabisa nani aamshwe. Wabebaji ni wengine: SQL, Spark, skripti za Python. Zamani mnyapara wetu alikuwa kroni, kiprogramu cha Linux kinachoanzisha kazi saa uliyoipanga, na kroni hajui kusubiri, yaani mauzo ya maduka yakichelewa kuingia yeye saa nane kamili usiku anaanza kujumlisha tu, anajumlisha hewa, asubuhi ripoti inakuja safi kabisa, ina masifuri, hamna kosa lolote kwenye logi.

Ndo maana Airflow, programu huria ya kazi hii ya unyapara, ikapendwa. Ilianzia Airbnb mwaka 2014, ikaingia Apache, taasisi ya programu huria, 2016, ikawa mradi kamili wa Apache 2019. Unaandika mpangilio kwa Python, hii baada ya ile, na ukitaka kurudia siku kumi za nyuma unarudia. Shida yake kuitunza mwenyewe ni kazi: skedula, databesi yake, programu zake za kutekeleza kazi (zinaitwa worker), kupandisha toleo. Google wakaleta Composer 2018, AWS wakaleta MWAA, ndo hiyo Airflow yao, mwishoni mwa 2020, wote wanauza kitu kilekile, kwamba wewe leta DAG zako (zile faili za mpangilio), seva tuachie sisi.

Sasa pesa. MWAA ya kawaida inalipwa kwa saa, uwe na kazi usiwe nayo. Mazingira, yaani Airflow moja nzima, ya saizi inayoitwa small ni dola 0.49 kwa saa kwa bei ya Virginia, Marekani, piga mara masaa 730 unapata kama dola 358 kwa mwezi, hapo hujaongeza worker wa ziada, na kwa kuwa mazingira yanakaa kwenye mtandao binafsi mara nyingi utajikuta unalipia na NAT, mlango wa kutokea intaneti, dola 0.045 kwa saa kila moja, na kawaida zinawekwa mbili. Hamna kitufe cha kuizima Ijumaa jioni ukaiwasha Jumatatu, ni kufuta mazingira na kuyajenga upya. Mashine ya GB 8 ya kuendeshea Airflow mwenyewe, mfano t3.large, ni kama dola 60. Tofauti ni karibu dola 300, kwa hela yetu laki saba na kitu, kila mwezi.

Anayetetea huduma ya kukodi atakwambia laki saba ni ndogo kuliko mshahara wa mtu, na kiukweli yuko sahihi. Kama timu yenu ina mtu mmoja anayejua Linux na huyo mtu ana likizo, ana mtoto anaumwa, ana ofa ya kazi sehemu nyingine, basi hiyo dola 60 ni bei ya uongo. Airflow 3 ilipotoka Aprili 2025 walioitunza wenyewe walihamisha databesi, wakabadilisha vifurushi, wakaomba dua. Ila na waliokodi hawakupona wote, maana schedule_interval, neno la kupangia muda wa kazi, iliondolewa, kazi zilizokuwa zinachungulia databesi ya Airflow moja kwa moja zikazuiwa, na hizo ni faili zako. Mwenye huduma anabadilisha injini, kurekebisha DAG ni juu yako.

Upande wa pili kuna wanyapara wa kulipwa kwa mzigo. Step Functions ya AWS inachaji dola 0.025 kwa kila hatua 1,000, na 4,000 za mwanzo kila mwezi ni bure. Chukua paipulaini 30 zenye hatua kumi kumi, kila moja inakimbia mara moja kwa siku: hatua 9,000 kwa mwezi, unalipa senti 13 za dola hivi. Senti! Nilipopiga hiyo hesabu mara ya kwanza nilidhani nimekosea desimali. Bila shaka wabebaji utawalipa pembeni, ila hata kwa Airflow ungewalipa. Ubaya wake unaandika kwa JSON, maandishi ya mabano juu ya mabano, ikifika hatua arobaini macho yanauma, kurudia siku za nyuma utajitengenezea mwenyewe, na siku mkiondoka AWS ile JSON haiendi popote. Watu wa Airflow wanajisifu hapo kwamba Python yao inahamishika, nami nawapa nusu ya maksi, kwa sababu DAG iliyojaa opereta (vipande vya kazi vilivyo tayari) za S3, hifadhi ya faili ya AWS, ukiipeleka Composer utabaki na mifupa.

Data Factory ndo inachanganya watu zaidi. Dola 1 kwa shughuli 1,000, unasema bure hii. Kama mnatoka SSIS, zana ya zamani ya Microsoft ya kuhamisha data, ina njia rahisi kweli, vifurushi vya zamani vinakimbia vilevile kwenye mashine unazoziwasha na kuzizima. Lakini kunakili data kunachajiwa peke yake, dola 0.25 kwa DIU (kipimo chao cha nguvu ya kunakili) kwa saa, na muda unapandishwa hadi dakika nzima. Weka jedwali 300 ndogo, kila moja inanakiliwa kila saa kwa sekunde nane tu: hizo ni nakala 216,000 kwa mwezi, kila moja inalipiwa dakika nzima, na ikitumia DIU 4 inakuja kama dola 3,600. Jedwali zilezile ukizinakili mara moja usiku inashuka hadi 150. Huduma ni ileile na data ni ileile, kilichobadilika ni mazoea yenu ya "kila saa" ambayo pengine hakuna hata mtu anayeyatumia.

Hapo ndo nilipo mimi. Ukihama nyumba na godoro lako, unahama na kunguni wako. Sisi kazi ya saa nane usiku tuliiandika 2 vilevile, kwa saa ya kizungu, tukasahau kule ni UTC, saa ya dunia iliyo nyuma yetu masaa matatu, ikawa inaanza saa kumi na moja alfajiri na bosi wa fedha anafungua ripoti saa moja ikiwa nusu. Tukarekebisha ikawa 23. Wiki nzima ripoti ikaja na mauzo ya juzi, kwa sababu skripti ilikuwa inachukua tarehe ya leo inatoa moja, na saa 23 UTC "leo" bado ni jana kwa Dar. Saa yetu na ya kizungu zinapishana masaa sita, ongeza matatu ya UTC, mwenzetu mmoja alipiga zote kichwani akapata saa ambayo haipo. Hakuna mnyapara wa bei yoyote angetuokoa.

Na usisahau gunia linatoka wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, intaneti Tanzania ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Kama databesi ya mauzo iko Kariakoo na mnyapara yuko Cape Town, atarudia mara tatu kama ulivyomwambia kisha atatangaza msiba. Rejoni (vituo vya data vya klaudi) za Afrika Kusini zipo, Azure ya Microsoft toka 2019, AWS 2020, Google 2024, ila hakikisha huduma unayoitaka ipo kwenye rejoni hiyo, na kama kuna namba za simu za wateja ndani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka ujue zinavuka mpaka kwa utaratibu gani.

Mimi ningegawa hivi: paipulaini chini ya hamsini, za usiku, zisizotegemeana sana, mpe wa kulipwa kwa mzigo. Zikianza kufungamana, hii inasubiri tano na ile inarudiwa mwezi mzima kila mhasibu akibadilisha mawazo, lipia Airflow ya kukodi bila kinyongo. Kuitunza mwenyewe waachie wenye watu wawili wanaoweza kupokea simu usiku, mmoja hatoshi.

Sisi zetu ni 34. Tumehamisha 33. Moja iliyobaki inasoma faili kutoka kompyuta ya stoo, bado iko kwenye kroni ya seva ya zamani chini ya meza, na sijaona sababu ya kuigusa.