Kabla ya kuilaumu soda, uliza mgonjwa amekula nini

Mwezi wa nne nilikuwa kwenye duka moja la dawa mjini Masasi, nasubiri chenji, akaingia mama na mwanawe wa kiume, umri kama miaka sita, kichwa kimemlalia mama begani. Walikuwa wametoka kupima, malaria ipo, dawa wameambiwa wakanunue. Muuzaji akatoa dawa ya mseto, vidonge viwili vya kuanzia palepale. Mtoto akapewa na maji, akatema. Akapewa tena, akatema na kulia. Mama akatoka, akarudi na soda ya machungwa kutoka genge la jirani, chupa bado inatoka jasho, na vidonge vikashuka kwa mafunda matatu.

Mzee aliyeketi kwenye benchi akatikisa kichwa. "Mama, hapo umeharibu. Dawa na soda haviendi. Na hiyo soda itamla mifupa huyo."

"Sasa babu nifanyeje?" mama akajibu bila kugeuka. "Maji ndiyo hayo anayatema."

Maneno ya yule mzee si yake peke yake. Yanazunguka kwenye simu kwa sauti zilizorekodiwa, yanasemwa kliniki, yanasemwa misibani pale kreti zinapofunguliwa: soda inayeyusha mifupa, soda inaua nguvu ya dawa, soda inanyonya vitamini mwilini. Upande wa pili wapo wanaosema tumekunywa tangu utoto na tunatembea. Mimi naona mzee ana hoja, na nitaifikia. Ila yaliyomwagwa juu ya soda yamepita ushahidi uliopo, na yule mama alistahili jibu bora kuliko lile.

Tuanze na mifupa, maana ndiyo hofu inayouma zaidi. Hofu hii inajengwa kwa jaribio ambalo wengi tumeliona: jino linatumbukizwa kwenye glasi ya kola, baada ya siku kadhaa limelainika. Lakini mfupa wa paja haukai ndani ya glasi. Soda ikifika tumboni inakutana na asidi ya tumbo lenyewe, ambayo mara nyingi ni kali kuishinda, na damu haichachuki kwa sababu umekunywa chupa moja. Mwili unaishikilia pH ya damu, yaani kipimo cha uchachu wake, kati ya 7.35 na 7.45 usiku na mchana.

Ushahidi wenye uzito upo, na ni haki kuutaja. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa Framingham, Marekani, uliopima mifupa ya wanawake na wanaume zaidi ya 2,500. Wanawake waliokunywa kola kila siku walikutwa na madini machache kwenye mfupa wa nyonga kuliko wale waliokunywa chini ya mara moja kwa mwezi. Kwenye shingo ya paja, sehemu ya nyonga hiyo, tofauti ilikuwa kama asilimia 3.7. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, tofauti hiyo si ya kupuuza. Lakini wanaume wa utafiti uleule hawakuonyesha tofauti hiyo ya nyonga, na soda zisizo kola, yaani za machungwa, za ndimu, za tangawizi, hazikuonyesha madhara kwenye mfupa. Soda aliyokunywa yule mtoto wa Masasi haikuwa hata kwenye kundi linaloshukiwa. Na utafiti wa namna hii unaonyesha vitu viwili vinavyotembea pamoja, hauthibitishi kwamba kimoja kimemsukuma mwenzake.

Kwa nini kola peke yake? Kidole kimeelekezwa kwenye asidi ya fosforasi, ambayo soda nyingine nyingi hazina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hoja inapoyumba, na sisi watu wa Kusini tuna kipimo chake mkononi. Chupa ya kola ya mililita 350 haina zaidi ya miligramu 60 hivi za fosforasi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina zaidi ya 200. Na korosho, hizi za Tandahimba na Newala zinazotulipia karo za watoto, zina kama miligramu 590 katika kila gramu 100. Kiganja kimoja cha gramu 30 kinakupa takriban 177, karibu mara tatu ya chupa ya kola. Kama fosforasi peke yake ingekuwa inakula mifupa, wabanguaji korosho wa Mtwara wangetembea kwa magongo. Kuna jibu la kweli la upande wa pili: fosforasi ya soda hufyonzwa kirahisi, ya korosho imefungamana na vitu vingine na sehemu yake hupita bila kufyonzwa, na maziwa yanakuja na kalsiamu yake wakati soda inakuja mikono mitupu. Nalikubali jibu hilo. Ila ukishalikubali, kesi imebadilika. Tulikuwa tunajadili kilichomo ndani ya chupa, sasa tunajadili kisichokuwemo.

Kafeini nayo huongeza kidogo kalsiamu inayotoka kwa mkojo. Kikombe cha kahawa hugharimu kama miligramu 5, kiasi kinachofidiwa na vijiko viwili vya maziwa, na chupa ya kola ina kafeini kama theluthi tu ya kikombe hicho. Mtu mzima anahitaji kalsiamu karibu miligramu 1,000 kwa siku. Hapo hakuna wizi wa kuitia polisi.

Wenzetu wa nchi za maziwa wana maelezo mazuri: binti anayekunywa soda ameacha glasi ya maziwa, na mfupa wake unalia maziwa yaliyoachwa. Tatizo ni kuyaleta maelezo hayo Nanyamba au Liwale kama yalivyo. Huku kwetu maziwa hayakuwa kinywaji cha kila siku hata kabla soda haijafika. Mbung'o waliwazuia ng'ombe kwa muda mrefu, na Mmakonde hakujenga maisha yake juu ya zizi kama Msukuma au Mgogo. Kalsiamu yetu imetoka kwenye dagaa wanaoliwa na miiba yake, kwenye samaki wadogo wa Msimbati na Kilwa, kwenye majani ya kila aina. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwanafunzi wa hapa linahusu sahani yake ya mchana. Amekula ugali na dagaa, au amekula skonzi na soda na siku ikaishia hapo? Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi na pesa za mnada zikaanza kuingia, skonzi na soda ndiyo huwa dalili ya neema. Mtoto anapewa hela ya soda kwa mapenzi kabisa. Hapo ndipo mfupa unapopungukiwa, bila asidi yoyote kuuyeyusha.

Vitamini sitazikalia sana. Soda ya kawaida haina vitamini za maana, hiyo ni kweli, lakini pia haizifukuzi zile ulizokula. Vitamini D ya mifupa tunaitengeneza kwa jua, na jua la Mtwara halijawahi kuadimika. Vitamini A ya papai, ya maboga na ya kisamvu inahitaji mafuta ili ipite kutoka utumboni kwenda kwenye damu. Kisamvu cha nazi kimekuwa na akili hiyo kabla ya maabara. Tafadhali yashike hayo mafuta, nitayarudia.

Sasa dawa. Kauli kwamba dawa na soda haviendi ni pana mno, na upana wake unawapotosha watu. Maji safi ndiyo chaguo la kwanza kwa karibu kila kidonge, sina ubishi. Lakini ukiulizwa ni kinywaji gani cha nyumbani kinachoharibu dawa zaidi huku kwetu, soda haishiki namba moja. Chukua vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inaweza kupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma kwa zaidi ya nusu, kwa sababu ya tanini zake. Wanawake wangapi wanameza kidonge hicho asubuhi na kikombe cha chai mkononi, kisha wanaonywa juu ya soda? Au chukua maziwa, ambayo wengi huyatafuta kwa bidii pale dawa inapokuwa kali. Kalsiamu ya maziwa hushikana na tetrasaiklini na siprofloksasini, dawa za kuua bakteria, tumboni, na sehemu kubwa ya dawa inapita bila kuingia mwilini. Kwa dawa hizo, mwenye maziwa amejipunguzia dozi kwa pesa yake mwenyewe. Zipo hata dawa za fangasi, kama itrakonazoli ya vidonge, zinazohitaji asidi ili zifyonzwe, na kwa mgonjwa mwenye asidi haba tumboni madaktari wamewahi kuitumia kola kuzisaidia. Na mgonjwa wa kisukari aliyeshukiwa na sukari ghafla, anatetemeka na kutokwa jasho, nusu kikombe cha soda ya kawaida kinaweza kumrudisha wakati gari la hospitali bado halijafika.

Mzee wa benchini anapata haki yake kwingine. Chupa ya mililita 350 ina sukari gramu 37 hivi, vijiko tisa vya chai, na Shirika la Afya Duniani tangu 2015 limependekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na ikiwezekana ishuke hadi kama gramu 25. Mwenye kisukari anayemezea metfomini, dawa ya kushusha sukari, kwa soda kila siku anavuta kamba pande zote mbili. Jino nalo, tofauti na mfupa wa paja, linaogeshwa na asidi moja kwa moja. Mtoto anayehara akipewa soda badala ya ORS na zinki, sukari hiyo nyingi inaweza kumzidishia kuhara. Na vile vinywaji vya kuongeza nguvu wanavyokunywa vijana wa bodaboda vina kafeini kama miligramu 80 kwa mililita 250. Mtu aliye kwenye siprofloksasini mwili wake huiondoa kafeini polepole, moyo unamwenda mbio, usingizi hauji, naye anadhani ugonjwa umepanda. Mwenye vidonda vya tumbo anayemeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa soda bila chakula anajiumiza, ingawa hata kwa maji, bila chakula, angejiumiza.

Hayo yote nayakubali bila kinyongo. Kinachonisumbua ni kwamba pale Masasi palikuwa na hatari ya kweli, na onyo juu ya mifupa likaifunika.

Dawa ya mseto, artemeta na lumefantrini, ndiyo iliyochukua nafasi ya kwanza katika tiba ya malaria isiyo kali nchini mwishoni mwa mwaka 2006. Lumefantrini inapenda mafuta. Kwa watu wazima wenye afya waliopimwa, ilipomezwa na mlo wenye mafuta mengi iliingia kwenye damu hadi mara 16 ya ilivyoingia tumbo likiwa tupu. Mara 16. Madhara ya soda, chai au maziwa kwa zile dawa nyingine hayakaribii tofauti hiyo. Na mafuta yanayohitajika si mengi. Utafiti mmoja ulionyesha kwamba gramu 1.2, kiasi kilichomo kwenye mafunda machache ya maziwa ya soya, ziliifikisha dawa karibu na kiwango cha juu. Korosho nne au tano zina zaidi ya hapo. Uji wa nazi unazidi mbali. Mkoa wa Mtwara, ambao utafiti wa afya wa 2022 uliukuta na malaria kwa watoto wadogo kama asilimia 20 wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8, umekaa juu ya mafuta hayo: minazi pwani yote, mikorosho hadi mlangoni.

Soda haina mafuta. Lakini na maji hayana. Mtoto aliyemeza kwa maji na tumbo tupu na mtoto aliyemeza kwa soda na tumbo tupu wako kwenye shida ileile, na malaria isiyopigwa sawasawa inarudi baada ya wiki mbili tatu, watu wanasema dawa ni feki. Ningependa kila muuzaji wa dawa, kabla hajakata vidonge, aulize neno moja tu: amekula? Mtoto mwenye homa hataki chakula, ni kweli, lakini vijiko vitano vya uji wa nazi huvumilika hata kwa homa. Baada ya hapo kama kidonge kinashuka kwa mafunda matatu ya soda, kishuke. Kidonge kilichoingia kwa soda kina faida kuliko kilichotemwa na maji.

Siku ile hakuna aliyeuliza. Muuzaji hakuuliza, mzee hakuuliza, na mimi niliyekuwa nayajua haya nilichukua chenji yangu nikanyamaza. Nilimsikia mama akimwambia mtoto wakati wanatoka kwamba wakifika nyumbani atamtengenezea chai, maana tangu jana jioni hajatia kitu tumboni. Mlangoni alikaa dada mwenye beseni la korosho za kukaanga, zimefungwa kwenye vifuko vidogo. Walimpita.