ʉmʉndʉ na umundu: kile kistari kina kazi gani?

Wengi hapa Mbeya wakikutana na ɨ na ʉ, yaani i na u zenye kistari katikati, katika maandishi ya Kinyakyusa huguna: hizi za nini tena, wakati i na u tunazo? Swali ni la haki. Ila naona wanaozitetea herufi hizi hawajasikilizwa vya kutosha.

Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za irabu, ndiyo maana mtoto akishazijua silabi anasoma chochote. Kinyakyusa kina irabu saba. Chukua neno la mtu, ʉmʉndʉ. U zake zote tatu zimelegea, sauti inakaa katikati ya u na o. Sasa chukua mvua, ɨfula: u yake ni kali, hii hii ya "mvua", lakini i yake ndiyo iliyolegea, inakaribia e. Ukiandika umundu na ifula, tofauti zote umezifuta.

Hasara yake niliiona sebuleni kwetu, Uyole. Binti yangu wa miaka kumi, mtoto wa mjini, alikuwa anamsomea bibi yake wa Tukuyu karatasi iliyoandikwa kwa i na u za kawaida. Akasoma umundu, Kiswahili kitupu. "Rudia, mjukuu wangu." Akarudia vilevile. Bibi akashika midomo yake kwa vidole viwili, akailegeza, akatamka polepole. Mtoto akautazama mdomo, akaitazama karatasi. "Bibi, hiyo imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote.

Wanaopinga wana hoja. Kibodi za simu nyingi hazina herufi hizo, na taarifa ya msiba haisubiri mtu atafute kistari. Waitaliano nao wana irabu saba kwa herufi tano, na wanaelewana. Sawa, lakini Mwitaliano anafundishwa lugha yake shuleni tangu darasa la kwanza. Kinyakyusa hakifundishwi shuleni. Wanaposema "msemaji atajua mwenyewe", wanamfikiria mtu aliyekulia Rungwe au Kyela. Mtoto wa Mwanjelwa, hapa mjini, anayekisikia likizo tu atajulia wapi? Kwake karatasi ndiyo mwalimu, na mwalimu huyo anamfundisha irabu tano.

Maandishi yana nguvu hiyo. Jina la Iringa limetokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Kihehe hakina r. Leo nani, hata huko Kalenga kwa Wahehe wenyewe, anautaja mji ule bila r?

Kwenye simu tuandike tunavyoweza, hilo sina ugomvi nalo. Lakini kitabu cha nyimbo, kamusi, hadithi za watoto: humo kistari kiwepo.

Binti yangu ameichukua ile karatasi na kalamu nyekundu. Bibi anatamka, yeye anaweka vistari. Jana jioni walikuwa wamefika mstari wa nne.