Kondoo haulizi maswali? Huyo alichunga kondoo wa wapi

Jumapili moja mwezi uliopita hapa Nakuru, kanisa sitalitaja juu bado naenda hapo na nitaendelea kwenda, pasta alifundisha Zaburi 23 na ukweli alifundisha vizuri, mpaka akafika ile mahali ya "huniongoza", akasimama, akafunga Biblia, akasema kondoo haulizi mchungaji tunaenda wapi, kondoo anafuata. Sasa wiki hiyo wazee wawili walikuwa wameuliza hesabu ya pesa ya ujenzi, kwa hivyo kila mtu alijua hilo jiwe limerushwa upande gani. Amina zilitoka lakini nusu nusu.

Jioni kijana wa dadangu, anasoma huko Njoro, akaandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia: mimi si kondoo, hii mambo ya mchungaji na kondoo ilitungwa kufanya watu wakae kimya, itolewe kanisani. Kimya kidogo. Alafu mamangu, ambaye kwa kawaida hutuma tu maua na habari za asubuhi, akajibu: mjukuu wangu, hiyo Zaburi ndiyo ilinivusha babu yako akifa, sasa ukiitoa utaniwekea nini? Hakuna mtu aliandika tena usiku huo. Mimi nimebaki katikati ya hao wawili tangu siku hiyo, na naona wote wako na point, ila wanaongea juu ya vitu viwili tofauti.

Kwanza niseme mimi nimechunga kondoo kweli kweli, juu kule Molo, baridi na ukungu, kabla shule na baada ya shule na likizo yote. Huyo pasta sidhani amewahi. Kondoo anauliza sana, ni vile haulizi na mdomo. Ukimpeleka kwa maji yanayokimbia anasimama tu, hanywi, unaweza kumpiga mpaka fimbo ivunjike (aliyeandika "maji ya utulivu" alikuwa amesimama kwa mto na kondoo, hiyo hutoi kwa kichwa). Mgeni akiita hawaji. Na si upuuzi, mwaka 2001 wanasayansi wa Uingereza, Keith Kendrick na wenzake, walionyesha kwamba kondoo anaweza kukumbuka sura za kondoo wenzake 50 kwa miaka miwili. Mimi siwezi kukumbuka nani nilikaa naye kwa matatu ya jana. Kwa hivyo ile picha ya kondoo kama mjinga anayefuata tu ni ya watu wa mjini.

Lakini kuna kitu kingine ambacho mchungaji yeyote anajua na mahubiri hayakigusi. Kondoo analelewa ili auzwe, anyolewe ama aliwe. Babangu alipenda kondoo zake, alizijua moja moja, na Disemba alichinja. Hapa ndipo kijana yuko sawa kabisa. Ukikubali kuitwa kondoo umekubali pia kwamba kuna mwenyewe, kuna kisu mahali, na wewe huna kura. Na Kenya hii hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Shakahola, huko Kilifi, Aprili 2023, maiti za waumini, wengi waliokufa njaa kwa kufunga, zilianza kufukuliwa msituni mpaka zikapita 400, na mhubiri anayeshtakiwa kwa hiyo kesi anakana, mahakama itaamua yake, ila kuna mzazi alipeleka watoto huko kwa miguu yake juu aliamini anaongozwa. Kuna mstari kwa Zaburi 49 unasema juu ya watu fulani kwamba mauti itawachunga. Nilipousoma baada ya Shakahola niliweka Biblia chini nikatoka nje.

Sasa ukienda nyuma zaidi utaona hii lugha haikuanzia kwa Biblia. Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, kwa utangulizi wa sheria zake anajiita mchungaji. Mafarao wa Misri walichorwa wameshika ile fimbo ya kupinda ya mchungaji kifuani pamoja na mjeledi, na mjeledi wasomaji wetu wanajua ni wa nini. Yaani "mchungaji" kilikuwa cheo cha mfalme, ni kama siku hizi mtu anajiita baba wa taifa. Kwa hivyo mpwa wangu akisema imetungwa kunyamazisha watu, wafalme wa zamani kweli waliitumia hivyo, hakuna haja ya kubishana.

Swali ni Zaburi zilifanya nini na hicho cheo. Zaburi 23 imeandikwa juu yake "ya Daudi". Wasomi wanabishana kama ni yeye aliandika, mimi hiyo si shida yangu leo, chukua tu vile imewekwa. Ni mfalme anaongea. Mfalme, ambaye kwa lugha ya siku zile yeye ndiye mchungaji, anasema Bwana ndiye mchungaji wangu. Amevua cheo akaingia kwa zizi na wengine. Ukisoma hivyo haimsaidii kiongozi hata kidogo, inamshusha. Na ndio maana nabii Nathani alipoenda kumshika Daudi na kesi ya Bathsheba, 2 Samweli 12, hakumletea sheria, alimletea stori ya maskini na kondoo jike mmoja mdogo. Alijua itamchoma wapi.

Alafu kwa manabii ndio moto. Yeremia 23 inaanza "Ole wao wachungaji", na watu husoma hapo wakifikiria mapasta, lakini rudi sura moja nyuma, 22, utapata wafalme wa Yuda wanatajwa kwa majina, Shalumu, Yehoyakimu, Konia, mmoja baada ya mwingine kama watu wanasomewa mashtaka. Yehoyakimu anashtakiwa amejenga nyumba kubwa ya mierezi na hakulipa wafanyakazi. (Ujenzi tena. Sisemi kitu.) Mfalme wa mwisho Sedekia hata hatajwi hapo, ila jina lake kwa Kiebrania lina maana kama Bwana ni haki yangu, na Yeremia anasema mfalme anayekuja ataitwa "BWANA ni haki yetu". Amechukua jina la mtu akampa mwingine wakati mwenyewe bado yuko kwa kiti. Hiyo ni matusi ya heshima, wazee wetu wangeipenda.

Ezekieli 34 ni kali kuliko hiyo. Anaandika akiwa uhamishoni Babeli, na sura ya juu tu, 33, ndio habari imefika kwamba Yerusalemu imeanguka. Anasema wachungaji wamejilisha wenyewe, wamekula walionona, wamevaa manyoya, wagonjwa hawakuwatibu, waliopotea hawakuwatafuta, "bali kwa nguvu na kwa ukali mmewatawala". Hakuna mahali Ezekieli anaambia kondoo wanyamaze. Anaongea na mwenye fimbo.

Na hapa kwetu kumekuwa na watu walioisoma hivyo. Askofu Henry Okullu wa Maseno South, Kisumu, miaka ile chama kilikuwa kimoja na watu wakiongea kwa kunong'ona, alikuwa anaongea kwa mimbari. Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa na waziri hadharani asikanyage Busia, eti anaweza kosa kutoka hai, akaenda, Agosti 14, 1990, na wakati wa kurudi akafa kwa ajali ya barabara na lori. Waziri akajiuzulu, maswali hayakuisha. Juzi tu Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo, ambaye kabla ya Nairobi alikuwa Kisumu, aliagiza pesa ambazo Rais alitoa kwa parokia moja zirudishwe. Kwa hao mfano wa mchungaji haukuwa wa kulaza watu.

Nikamwandikia kijana haya yote. Akarudi na kitu ambacho kilinikwamisha siku mbili, na nitakiweka hapa vile alivyosema juu ni haki. Uncle, hata kwa Ezekieli, kondoo anafanya nini? Anangoja. Mungu anafukuza wachungaji wabaya, Mungu analeta mchungaji mwingine, "mtumishi wangu Daudi", kondoo wanahamishwa tu kutoka mkono huu mpaka ule. Na kwa Isaya 44 mchungaji anayeletwa ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, mgeni mwenye jeshi. Hiyo si kubadilisha serikali, hiyo ni kubadilisha mwenye fimbo.

Na fimbo yenyewe, akaongeza. Zaburi 2 inasema utawaponda kwa fimbo ya chuma, lakini Ufunuo ukitumia mstari huo huo unasema atawachunga kwa fimbo ya chuma. Nilienda kuangalia nikakuta ni kweli, kwa Kiebrania kuponda na kuchunga zinafanana herufi, tofauti ni irabu, na waliotafsiri kwa Kigiriki zamani wakasoma kuchunga. Irabu tu! Kijana akasema hiyo ndiyo historia yote ya kanisa. Amezidisha, lakini nilicheka.

Hapo mimi nakubali, huu mfano una mwisho wake. Haukufundishi kupiga kura wala kukagua vitabu. Ila si kweli kwamba kondoo wa Zaburi wananyamaza. Zaburi 44 ni kondoo wenyewe wanaongea, wanamwambia Mungu usoni umetutoa kama kondoo wa kuliwa, alafu wanamwamsha, wanamuuliza mbona amelala. 74 inaanza na mbona: mbona umetutupa. 80 inaita "Wewe uchungaye Israeli" na mistari michache mbele inamlaumu kwamba amewalisha mkate wa machozi. Kama kondoo anaweza kumuuliza Mungu hivyo, mhasibu wa kanisa ni nani.

Kuna kipande cha Ezekieli 34 ambacho hakipendwi na upande wowote, mstari 17 mpaka 22. Hapo Mungu ameacha wachungaji, anageukia kondoo. Anasema atahukumu kati ya mnyama na mnyama, wanene na waliokonda, juu wanene wamekula malisho mazuri na yaliyobaki wameyakanyaga, maji wamekunywa na yaliyobaki wameyachafua, wamesukuma wanyonge kwa mbavu na bega mpaka wakatawanyika. Mtu wa Molo hawezi kusoma hiyo haraka haraka. 1992 tulisukumana kwa mapigano ya kikabila, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, na ni kweli kulikuwa na wanasiasa, lakini aliyechoma nyumba ya jirani hakuwa mwanasiasa, alikuwa jirani. Tukilaumu wachungaji peke yao tumejipunguzia. Mpwa wangu hakuwa amezaliwa mara ya kwanza, na mara ya pili alikuwa mtoto amebebwa mgongoni, hiyo sikumwandikia, nitamwambia tukikaa.

Sasa kuhusu pasta. Nilipokuwa na miaka kumi hivi, mbwa koko waliingia kwa kondoo jioni wakaua mmoja nikiwa nacheza mpira. Kondoo hapigi kelele kama mbuzi, anakufa kimya, kwa hivyo sikusikia. Babangu hakunipiga. Aliniambia rudi kule ulete kitu. Nikarudi na tochi nikilia, nikaleta sikio na kipande cha mguu. Miaka mingi baadaye nikasoma Amosi, ambaye alikuwa mchungaji wa Tekoa, sura ya 3, anaongea juu ya mchungaji anayeokoa kinywani mwa simba miguu miwili ama kipande cha sikio, na nikajua hasa ni nini. Kutoka 22 inaeleza: ukipewa mnyama wa mtu umchunge na akararuliwa, unaleta kilichobaki kiwe ushahidi, ndio usilipe. Yakobo anamwambia Labani kwa Mwanzo 31 kwamba hata hizo zilizoraruliwa alizilipa mwenyewe. Yeremia 33 inataja makundi yakipita tena chini ya mkono wa mwenye kuhesabu.

Yaani mchungaji wa Biblia, kama si Mungu mwenyewe, ameajiriwa. Kundi si lake. Anahesabiwa jioni, na akipoteza analeta sikio. Kiswahili nacho kimetupa neno moja, unachunga kondoo, na unachunga unga ndio makapi yabaki kwa chekecheke. Kwa hiyo Zaburi ya mamangu iko salama, hiyo inaongea na mwenye kundi, na hata mimi siku yangu ikifika nataka isomwe, na gongo lake na fimbo yake (jirani zetu wa Tanzania hucheka hapo, kwao gongo ni chang'aa). Ni pasta aliyejiweka mahali pa mwenye kundi wakati yeye ni sisi tuliomwandika.

Wazee wamepewa tarehe ya kusomewa hesabu, Jumapili baada ya ibada. Kijana amesema atakuja kutoka Njoro. Mamangu ameuliza kama viti vya mbele vitakuwa wazi.