Asilimia 3.1 Haikuwa Uongo

Kila habari ya asteroidi, yaani jiwe linalozunguka Jua, ikisikika, magrupu ya WhatsApp ya Arusha hufufua shutuma ileile: wanasayansi walitutisha kwamba asteroidi 2024 YR4 ingeweza kugonga Dunia mwaka 2032, kisha wakajikana. Inaudhi, maana hakuna aliyejikana.

Asteroidi hiyo iligunduliwa na darubini ya ATLAS nchini Chile tarehe 27 Desemba 2024. Mwanzoni unakuwa umeona kipande kifupi mno cha obiti, yaani njia yake ya kuzunguka Jua. Ukipiga hesabu ya kukirefusha hadi 22 Desemba 2032, hupati nukta, unapata ukanda mrefu wa mahali inapoweza kuwa. Dunia ilikuwa ndani ya ukanda huo. Kila kipimo kipya cha nafasi yake kiliufupisha, na maadamu Dunia ilibaki ndani, fungu lake likazidi kukua. Ndiyo sababu tarehe 18 Februari 2025 NASA ilifika asilimia 3.1 ya uwezekano wa kugongwa. Siku chache baadaye ukanda ulifupika hadi Dunia ikabaki nje, hatari ikaporomoka karibu na sifuri. Hesabu ni ileile, ikipanda na ikishuka. Na maeneo yaliyokuwa hatarini yalipita Afrika pia.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vipimo kama hivyo vinaweza kutoka hapa. Tuko karibu na ikweta, tunaona anga la kaskazini na la kusini. Darubini ya sentimita 20 yenye kamera nzuri inatosha kwa asteroidi angavu. YR4, nakubali, ilihitaji kubwa zaidi. Jiwe likisogea sekunde 10 za tao kwa dakika (sekunde ya tao ni kipimo cha pembe, sehemu moja ya 3,600 ya digrii), na nyota kwenye picha zina upana wa sekunde 2.5 za tao, kila picha isizidi sekunde 15, la sivyo jiwe litatoka kama mstari. Piga nyingi, zijumlishe kwa kufuata mwendo wake, upate vipimo vitatu au vinne ndani ya nusu saa.

Saa ndiyo inayoharibu kazi za wengi. Andika muda wa katikati ya picha kwa UTC, saa ya pamoja ya kimataifa (saa mbili usiku yetu ni 17:00), kompyuta ikirekebishwa kwa GPS. Kwa jiwe linalokwenda sekunde 60 za tao kwa dakika, saa ikikosea sekunde moja tu, nafasi imekosewa sekunde nzima ya tao.

Vilabu vya Arusha na Moshi vianze na asteroidi zenye namba, ambazo obiti zake zinajulikana. Kosa, yaani tofauti kati ya kipimo chako na obiti hiyo, likifuata mwelekeo wa mwendo, kagua saa. Likikaa kando, nyota za rejea, zile ambazo nafasi zake zinajulikana, zimelinganishwa vibaya. Minor Planet Center, kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya asteroidi, nayo hudai vipimo vya asteroidi hizohizo kabla ya kukipa kituo msimbo wake.